Kiganja Nyuma ya Tofali

Tulilijaribu kwenye jiko la Wekhomba,
lile alilolichomelea kutokana na rimu ya lori,
makaa hadi ukingoni, feni ya kompyuta mbovu ikipuliza.
Hii ni Gioto, Nakuru, nyuma ya jaa,
ambapo upepo wa Menengai haubishi hodi:
mifuko ilipigwa marufuku, lakini mmoja
ulikuwa umetua uani, mwekundu, kama mgeni asiye na aibu.

Tofali lilikuwa jepesi.
Kaka yangu Muchemi, mwashi wa mawe tangu ujana,
alilirusha juu akalidaka kwa mkono mmoja.
"Andazi hili," akasema. "Mnataka watu walale ndani ya andazi?"

Nikamhesabia vilivyomo, maana nilivikata mwenyewe
kwa mashine inayokohoa kuliko baba:
vifuniko vya chupa za maji, beseni la arusi ya mtu,
kiti cha baa kilichovunjika chini ya mlevi mzito,
kandambili, nyingi za mguu wa kushoto, usiniulize kwa nini.
Kisha vumbi jeupe la Kariandusi,
maganda ya vijimea vya ziwa lililokauka
kabla ya yeyote kulipa jina.
Na saruji, kiasi cha kuvishikanisha tu.

Yale saba ya kwanza yaliyeyuka. Sitaficha.
La nane lilinuka, likapasuka, tukalizika.
Plastiki huungua, naijua inavyoungua:
haianguki kama majivu, hudondoka,
tone la bluu baada ya tone, likifoka njiani.
Ndivyo dari za Rhonda zilivyodondoka Februari ile,
vyumba kumi na vinne, mlango mmoja wa ploti,
na Nyaguthii akatoka na mtoto kwapani
na mkono wa kulia ambao sasa ngozi yake
haina mistari, laini kama ndani ya ganda la yai.

Hatukumwalika. Alikuja na stuli yake.

Dakika kumi. Uso wa tofali ukawa mweusi.
Dakika ishirini, kipimajoto cha kuazima kikazimika,
betri, na Wekhomba akatukana kwa Kibukusu,
taratibu, kwa adabu.
Basi Nyaguthii akasimama,
akapeleka ule mkono nyuma ya tofali.
"Huo hausikii kitu, mama," Muchemi akamwambia,
sauti yake imeshuka.
"Kweli," akasema.
Akautoa. Akaweka ule mwingine,
wa kushoto, mzima, anaokandia unga,
anaojifunzia kuandika upya jina lake.

Makaa yakachokonolewa. Mfuko mwekundu ukaruka ukaenda zake.
Upande huu moto ukinguruma,
upande ule kiganja cha mtu,
katikati unene wa vidole vinne
vya takataka na vumbi la ziwa.

"Vuguvugu," akasema hatimaye.
"Kama chapati iliyosahauliwa mezani."

Hatukushangilia. Kulikuwa na ufa mdogo pembeni,
nikauona, nikauandika.
Yeye aliuacha mkono palepale, muda uliozidi haja,
kisha akauliza, bila kumtazama yeyote,
vyumba kumi na vinne ni matofali mangapi.

Hakuna aliyejua.
Muchemi akaokota kaa lililozimika
akaanza kupiga hesabu ukutani.