Boksi la Viatu

Muhanna kayaleta mayai toka shule, hapa Nizwa,
madogo kuliko habasoda, yamegandia karatasi.
Wiki ya pili yakawa nyuzi nyeusi zenye njaa.
Usiku kucha zikatafuna mforsadi wa jirani,
sauti kama manyunyu juu ya bati,
na mvua yenyewe hatujaiona tangu mwaka juzi.

Ngozi wakavua mara nne.
Halafu wakasusa chakula, wakainua vichwa,
wakaandika nane ya Kizungu, nane, nane,
wakajijengea nyumba kwa mate.

Ghaniya mshona kofia anajua hariri inavyopatikana:
sufuria, maji yatokote, uzi usikatike.
Akabandika.
Akaepua.
“Mwezi huu wa toba? Basi.”

Usiku wa ishirini na saba vifuko vikatoboka.
Nondo weupe, wanene, mbawa za bure,
hata mdomo wa kulia hawana.
“Mama, wamefunga,” mtoto akanong’ona,
“na futari je?”

Wakapandana, wakataga. Idi hawakuiona.

Mayai yamo ndani ya friji, nyuma ya kopo la haluwa.
Ghaniya hufungua mlango polepole,
asiyaamshe
kabla mforsadi haujachipua.