Fundi Azima Lake

Jumatatu, kabla ya chai ya rangi,
nilichomoa waya wa friji langu mwenyewe,
mimi Mwinyimvua, fundi friji wa Tandika,
niliyefufua majokofu ya mabucha ya watu
na freza za wauza barafu hadi Yombo.
Likakohoa mara moja, likanyamaza.
Havijawa alikuwa amesimama mlangoni na daftari:
"Baba, limekufa?"
"Hapana. Limestaafu."

Daftari ni lake, mwandiko wa darasa la tano.
Nilimwambia aandike kila kinachotoka, asifiche,
naye hakuficha:
Mkaa, buku mbili.
Mafuta ya kula, kipimo cha jero, mara mbili
(mara ya pili Shomvi alimwaga).
Maji, madumu manne.
Luku, buku tano, imeisha Alhamisi.
Vocha ya Baba.
Vocha ya Baba.
Vocha ya Baba.
Nikamuuliza mbona amezipanga hivyo.
"Ndivyo zilivyotoka," akasema.

Nilikuwa nampigia mama yao, Maskati.
Simu inaita, inaita,
halafu yule mwanamke wa mtandao ananijibu kwa adabu.
Hiyo ndiyo niliyoipunguza kwanza.
Nyama tukaihamishia Idi.
Nywele za Shomvi nikazikata mwenyewe kwa mkasi,
akaenda shule na kichwa cha shamba lililoliwa na mbuzi.

Yakabaki maharage.
Maharage hayana huruma:
yanakula mkaa kuliko watoto wanavyoyala,
hata ukiyaloweka tangu asubuhi,
hata ukiyabembeleza.

Usiku nililala macho, nikilitazama lile jeupe ukutani,
limesimama kama mgeni aliyekosa nauli ya kurudi kwao.
Nikakumbuka jibu ninalowapa wateja
wakiniuliza baridi inatengenezwaje:
mama, baridi haitengenezwi,
kazi ni kulitoa joto tu.
Ukuta wenyewe haujui kitu.
Ukuta unashika ulichoupa.

Basi upe moto.

Jumatano jioni nilichemsha sufuria nusu saa,
ikabubujika vizuri, nikaifunika,
nikaivika kanga ya mama yao.
Jina lake limefifia kwa kufuliwa,
limebaki neno moja tu pindoni: LAKINI.
Nikaiingiza kwenye rafu ya chini,
walipokuwa wakilala samaki siku za neema,
nikafunga mlango.
Mkaa uliobaki nikauzima kwa maji,
nikauanika dirishani uje kufanya kazi tena.

Mama Tabia wa chumba cha pili akachungulia:
"Fundi, unagandisha maharage ya moto?"
Nikamwambia asubiri kesho.
Akaenda kuwaeleza wapangaji wenzetu
kwamba upweke umenipanda kichwani.

Alfajiri tulifungua watatu.
Taa ya ndani haikuwaka, hilo tulilijua,
ila mvuke ulitoka, ukamlowesha Shomvi kope,
na punje niliyoibana kwa vidole viwili
ikakubali bila ubishi.
Shomvi alicheka mpaka akakaa chini:
friji la moto! friji la moto!
akapiga kelele hadi Mama Tabia akaja na kijiko,
akaonja, akaonja tena,
kisha akauliza kwa sauti ya chini
kama lile la kwake bovu kule uani linafaa.

Nikairudisha sufuria jikoni ichemke kidogo kabla ya kula.

Havijawa hakucheka. Alikwishafungua daftari.
Akaandika: Mkaa, jero.
Akang'ata kalamu.
Kisha mstari wa chini, pale pa vocha,
akachora kistari tu, kifupi,
akaniangalia kama nitasema neno.

Nikauliza chumvi iko wapi.