Sentimita Themanini na Moja

Duka la Reijo, mjini Oulu, mwezi wa tatu,
theluji bado imelala barabarani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Jouni anapima kigari kwa futi ya fundi:
themanini na nane.
Mlango wetu ni themanini na tano.
Anapima tena, labda chuma kitaona haya.

Reijo hana haraka. Anabandika gurudumu la mbele:
hiki sasa cha kusukuma.
Analing'oa, anachomeka mkono wa kuvutia:
baiskeli.
Kisha anatoa skii mbili kabatini
na kunitazama usoni, si mfukoni.

Bei yake, kodi ya miezi miwili.

Mapacha tumewaweka ndani wajaribu.
Vieno kalala papo hapo, mdomo wazi.
Touko kamvua kofia, kaitupa,
sasa anadai na kiatu.
Mabega yanagusana. Mwakani je?
Nilipowabeba, nafasi haikupimwa na mtu;
walisukumana gizani,
huyu kisigino, huyu kiwiko,
wakatosha.

Pembeni kuna kingine, cha mtumba, chekundu,
kimepauka upande uliozoea jua.
Themanini na moja.
Kwenye mfuko wa nyuma nakuta soksi moja
na makombo ya biskuti, magumu kama changarawe.

"Wenyewe sasa wana ndevu," anasema Reijo.

Jouni anaikunja futi yake.
Skii hazimo; babu yao ataziunda, akitaka.
Nalipa.
Soksi nairudisha mfukoni mwake.