Theluji Mdomoni

Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na saa nne asubuhi jua bado linajadiliana na misonobari
kama litoke au lisitoke.
Taimi Kortesalmi amenipokonya chupa ya chai:
"Ya baadaye. Ukinywa utataka kukojoa,
ukikojoa utaondoka, ukiondoka atakuja."
Amepeleka barua Kuusamo miaka thelathini na mmoja;
anayajua mambo yanayofika mtu akishageuza mgongo.

Mbele yetu maporomoko yanachemka bila moto,
kipande pekee cha mto kilichokataa kuganda.
Juu ya jiwe lililovaa kofia ya barafu
kuna doa la kinyesi cheupe.
"Pale," anasema. "Ndicho kiti chake."

Koskikara. Ndege wa kiasi cha ngumi,
mweusi kama masizi ya sufuria, aproni nyeupe kifuani.
Huzama kwenye maji yale, akatembea chini juu ya kokoto
akiokota mabuu,
akaibuka mkavu, kana kwamba mto ni uvumi tu.

Nilikuja na betri tatu na maneno elfu.
Betri ya kwanza ilikufa nikiitazama.
Maneno hayakufa. Nilimweleza Taimi habari za mwanga,
za lenzi niliyoikopea benki,
za Sisko, aliyehamia Oulu na kabati la vyombo
akaniachia vyombo vyenyewe, sakafuni, vimepangwa vizuri.
Taimi akainama, akachota theluji kwa kiganja.
"Tia mdomoni. Pumzi yako inatoa moshi,
na moshi ndege anauona."

Nikatia.
Meno yakalia, ulimi ukafa ganzi,
ndipo nikaing'amua hila ya mama huyu:
mwenye theluji mdomoni hasemi.

Ikayeyuka, nikameza, nikachota tena.
Nikaacha kuhesabu dakika, nikahesabu matonge.
Tonge la pili, bado nilikuwa nagombana na Sisko.
La tano, nikasikia kwamba maji hayana sauti moja:
kuna ya juu, nyembamba, ya ukingo wa barafu,
na nyingine chini, kama mtu anayehamisha mawe
chumba cha pili, usiku, asitake kukuamsha.
La tisa sikumbuki nilikuwa nawaza nini.
Huenda ndilo lililokuwa zuri.

Subira huvuta heri, husemwa.
Nami siku zote niliishika hivyo, kama kamba,
nikivuta, nikichungulia ncha ya pili kuna nini.
Subira ya Taimi haivuti kitu.
Imekaa tu kwenye ngozi ya kulungu wa kaskazini,
magoti yamefunikwa blanketi, pua nyekundu.

Alikuja nikiwa nimeinama kuchota. Bila shaka.
Akaketi kitini pake, akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa,
kama mgeni asiye na hakika na mlango,
kisha, katika baridi ile ya kupasua miti,
akaimba.
Nilibofya mara arobaini na moja.
Pembeni yangu nikasikia kamera ya Taimi: tki.
Mara moja. Akashusha mikono akawa anatazama.

Jikoni kwake nikazikagua zangu.
Mkia. Jiwe tupu. Jiwe tupu. Povu.
Katika ile iliyotoka kali kuliko zote,
kila unyoya umehesabika, kila tone,
amefumba jicho:
kope jeupe, kama mlango mdogo uliopakwa chokaa.
Nikaitazama muda mrefu. Sikuifuta.

"Yako je?" niliuliza.
"Filamu ina picha thelathini na sita," akasema,
akivua soksi za sufu, za pili, za tatu.
"Zimebaki tisa. Labda Machi nitaisafisha."

Ndipo akanimiminia ile chai.
Ilikuwa vuguvugu, na imekolea mno.
Nikanywa kimya,
ingawa mdomo sasa ulikuwa mtupu.