Skrubu ya Tatu

Mtaa wa Aggrey wananijua kwa skrubu zinazobaki.
Simu nitaifungua, nitaifunga, itawaka,
lakini kiganjani mwangu moja imesalia
na mteja keshafika Mnazi Mmoja.

Shuleni Mburahati niliitwa Kiguu na Njia.
Mwalimu alinihamisha dawati mara nne kwa muhula,
akidhani dirisha ndilo lenye kosa.

Nilipoonja mirungi, ukubwani, nyuma ya stoo,
dunia ilikaa kitako.
Wenzangu walitafuna wachangamke,
mimi nilitafuna nitulie.
Kisha majani hayakutosha.
Ukaja unga. Ukala darubini, ukala benchi,
ukala ada ya mwanangu,
ukaniacha siku tatu macho makavu
nikifungua simu zisizo na ubovu.

Daktari Kokushubila hakunihubiria.
Aliuliza: "Kabla ya mirungi, ulikuwaje?"
Hiyo *kabla* hakuna aliyewahi kuitaka.
Nikamsimulia madawati.
Aliandika mpaka kalamu ikamwishia wino.

"Dawa ipo," akasema, "ina undugu na kilichokuumiza,
ila hutembea, hairuki."
Nikacheka. Fisi unamkabidhi bucha?
"Ndiyo maana funguo atashika mwingine."

Basi funguo anazo dada yangu Chausiku.
Saa moja asubuhi, kabla ya chai, kimoja.
Nameza, nafungua kinywa, nainua ulimi,
mimi Mwinshehe, baba wa mtu,
nakaguliwa kama mtoto aliyeiba sukari.
Aibu ile ni chungu kuliko kidonge.

Mwezi wa tano, mvua, Jangwani hakupitiki,
nilianguka.
Nikadanganya. Kikopo cha mkojo kikasema kweli.
Nilikwishakunja shati langu la kufukuzwa;
daktari akasogeza tu tarehe:
si mwezi ujao, Alhamisi.

Jirani anasema naondoa mwiba kwa mwiba.
Labda. Sina jibu la kumnyamazisha,
na usiku mwingine namuunga mkono.

Jana mama wa vitumbua kaleta simu iliyozama mafutani.
Nimeifungua, nimeifuta, nimeifunga.
Kiganja kitupu.
Nikapiga magoti, kwa mazoea,
nikapapasa chini ya meza.
Mama akauliza, "Umepoteza nini, fundi?"
Nikabaki hapo chini kidogo,
nikihesabu.