Kidole cha Shahada

Miaka tisa nilichuna minofu ya sangara,
buti nyeupe hadi magotini,
vidole vimekufa ganzi kabla ya chai ya saa nne.
Vichwa vilikwenda na mapanki,
vikauzwa kwa fungu nje ya geti.

Siku hizi ninakula kwa vichwa.

Maabara yetu iko juu, chuo kimejibana kati ya mawe
kama mbuzi aliyekosa njia ya kushuka.
Dirishani unaliona ziwa, na mapaa ya Mabatini,
na kila Jumanne, nguo zangu mwenyewe kwenye kamba.

Samaki wetu ni furu,
mrefu kama kidole cha shahada.
"Shahada pekee uliyo nayo, Nkwabi," Dokta Mugeta hunitania,
nami hucheka, kwa kuwa ndiye anayetia saini.
Ubongo wake ni punje ya dengu.
Unaugandisha, unaukata: mikroni thelathini,
wembamba unaoshinda ngozi ya ndani ya kitunguu.
Ukikipumulia kipande, kimekunjana,
mwezi mzima wa kazi umepotea.
Unakipokea kwa brashi ya nywele tatu.
Hapo ndipo wenye vyeti huniita.

Theopista nilimfundisha kushika pumzi.
Sasa yuko Japani, hunitumia picha za theluji.
Masunga aliharibu vipande sitini, akalia chooni;
leo ni mhadhiri Dodoma, ana tai.
Wanakuja na uzamili, wanaondoka na uzamivu,
na mimi kila Juni nasubiri karatasi moja
inayosema: mwaka mwingine.
Ngazi haipandi ngazi.
Mwisho wa makala yao, kwa herufi za sisimizi,
wananishukuru: L. Nkwambi.

Kuna jambo nililiona kwa hadubini, silisimulii nyumbani.
Furu dume asiye na eneo hupauka,
hujipitisha kama jike.
Mpe kigae cha chungu, apaite kwake:
kabla jua halijatua rangi imewaka,
na siku chache baadaye, chini ya ubongo,
kikundi cha seli kimenenepa.
Mnyang'anye, zinasinyaa.
Mimi ndiye ninayezihesabu.
Mwezi wa Mei huzihesabu mara mbili.

Alhamisi umeme ulikatika saa mbili usiku.
Jenereta ikakohoa, ikakata kauli.
Pampu za hewa kimya. Furu wakapanda, midomo nje ya maji.
Nyanzobe, mwanagenzi wa miezi mitatu,
akalikimbilia jokofu kubwa, mkono kwenye kitasa.
"Usifungue! Baridi ikitoka haijui kurudi."
Tukachukua majagi. Kuteka, kumwaga kwa juu,
maji yaingie na hewa yake.
Matangi kumi na mawili, yeye sita, mimi sita,
tochi ya simu inaning'inia kwenye bomba.

Saa saba mikono ilitutetemeka kama ya walevi.
"Kwa nini hukurudi kusoma, kaka?"
Nikamwambia ada. Kisha nikamwambia watoto.
Kisha nikamwaga maji muda mrefu
bila kumwambia kwamba niliwahi kujaza fomu,
nikafika palipoandikwa Uzoefu,
nikaandika: kisu,
nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Umeme ulirudi saa tisa na robo.
Walikufa wawili.

Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu, lakini mkono,
sijui niseme nini, mkono ulitulia.
Kipande cha kwanza kikakunjana. Cha pili kikachanika.
Cha tatu kikalala juu ya kioo, kizima,
na kile kikundi cha seli mahali pake.

Akafungua daftari la maabara, akaandika tarehe,
namba ya samaki, unene.
Kwenye safu ya Mkufunzi kalamu ikasimama hewani.
"Jina lako linaandikwaje?"

Nikamtajia herufi moja moja, polepole,
kama mtu anayepokea kipande kwa brashi.
Bila M.