Mshono wa Pugu

Fomu iliuliza: aina ya biashara.
Nikaandika ubunifu, karani wa kodi akachekea puani:
"Dada, andika fundi cherehani, tumalize foleni."

Sawa. Fundi cherehani,
mwenye mashine nne Keko, nyuma ya wapiga randa,
vumbi la mninga likitua juu ya turubai;
anayejua bei ya zipu Istanbuli kwa gurudumu,
na bomba lipi la uwanja wa ndege wa Doha hutoa maji ya moto.
Mama husema kitovu changu kilizikwa barabarani
na lori likakipitia.

Jumanne nilirudi kutoka Seoul.
Jumamosi, adhana ya alfajiri haijaisha,
nilikuwa juu ya baiskeli, naelekea Pugu,
taa nyekundu ya Ndeshi ikipepesa mbele yangu,
nyuma Bitegeko akihema kama mvukuto.
Sita sisi, kofia ngumu, kaptula za kubana,
weusi wote kama chungu,
na watoto wa Gongo la Mboto bado wakaita: Wazungu! Wazungu!

Pugu si mlima. Mwambie mtu wa Moshi, atacheka hadi akae chini.
Lakini Dar ni sinia,
na mtu wa sinia hupanda kinachopandika.
Siku kumi na moja nilikuwa nimetabasamu kwa mkataba,
nimekunywa chai isiyo na sukari wala maziwa
nikasema nzuri, nzuri sana.
Pale mlimani mapaja yalisema kweli.
Niliyapenda kwa hilo.

Kisha kona ya mchanga.
Gurudumu likaenda kwake, mimi kwangu.
Goti. Kiwiko. Na begi langu,
toleo la kumi na nne,
lile ambalo duka moja la Kopenihageni huliweka peke yake rafuni
kama yai,
likapasuka kwapani.

Kijana mmoja alikuwa akishuka kutoka Kisarawe,
magunia matatu ya mkaa, baiskeli bila gia,
breki zake ni kandambili.
Akaegesha kwa kijiti. Mwinshehe, alisema.
Akatutazama mmoja mmoja.
"Mnafukuzwa na nani?"
Hakuna aliyekuwa na jibu la maana.
"Maana hamna mzigo."

Akachomoa sindano ya gunia kwenye ukosi,
uzi aliofumua kwenye tairi bovu,
akashona: mbele mbili, nyuma moja,
pindo akalikunjia ndani kama anayefunga sambusa.
Hata pumzi zangu hazijarudi, amemaliza.
Nikatoa noti.
Akaitazama noti, akatazama goti,
"Kanunulie spiriti," akasema, akauchomoa mti wake,
akaachia mteremko, vumbi jeusi nyuma yake.

Mwezi wa tano, Milano.
Mama mmoja mnunuzi, miwani kamba ya dhahabu,
akapitisha ukucha juu ya mshono, taratibu, mara mbili.
Huu mnauitaje?
Pugu, nikasema.
Akarudia kama anayepuliza mshumaa: Pu-gu.
Akaagiza mia tatu.

Tangu hapo nina bahasha.
Nimeipandisha mlima Jumamosi nne, ndani ya fulana, mgongoni.
Wabeba mkaa hunisimamia kwa heshima na haraka:
Mwinshehe? Ameuza baiskeli, yuko Chanika na bodaboda.
Mwinshehe? Huyo si aliumwa?
Mwinshehe yupi, dada, huku Mwinshehe ni wengi.
Bitegeko anasema hukumwibia, ulijifunza.
Ndeshi hasemi kitu, anapiga upepo matairi.

Noti hurudi zimelowa jasho.
Huzianika dirishani Tabata, kando ya soksi,
nikizigeuza kama dagaa.

Alhamisi nina ndege ya saa tisa, Lisboni.
Sanduku limefungwa, limepimwa, kilo ishirini na tatu kamili.
Bahasha sijaitia.
Nimeweka kengele ya saa kumi alfajiri:
Chanika si mbali,
na minyororo nimeshaitia mafuta.